Dadu ya Pande 20: Nasaha kwa Wanaoanza

Wahenga walinena, mwanzo kokochi, mwisho nazi. Maneno hayo nawapelekea vijana wetu wanaoniuliza juu ya michezo ya kompyuta ya aina ile ambayo mchezaji hujivika uhusika wa shujaa, akasafiri, akapigana na akasemezana na watu wa hadithi. Wengi huununua mchezo kama huo kwa fedha nyingi, wakaucheza jioni moja, kisha wakauacha wakilalamika kuwa sheria zake hazina mwisho. Nionavyo mimi, kizuizi si sheria. Kizuizi ni kutaka kuzimeza zote kwa siku moja.

Asili ya michezo hii ni Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani unaochezwa kwa karatasi, kalamu na dadu, huku mmoja wa wachezaji akiwa msimulizi na mwamuzi. Kompyuta zilipoenea, zikakalia kiti cha msimulizi yule. Mfano mashuhuri wa leo ni Baldur's Gate 3, uliotolewa mwaka 2023 na Larian Studios ya Ubelgiji, nami nitautumia huo.

Roho ya mchezo ni dadu yenye pande 20. Ukitaka kumpiga adui, dadu hurushwa, ikaongezwa nyongeza uliyo nayo, kisha jumla ikalinganishwa na kinga yake. Tuseme nyongeza yako ni 5, na kinga ya adui ni 15. Wahitaji dadu ikuletee 10 au zaidi. Basi pande 11 kati ya 20 zakufaa, yaani asilimia 55. Iwapo umejificha naye hakuoni, hurushwa dadu mbili ikachukuliwa iliyo kubwa, na bahati yako hupanda hadi karibu asilimia 80. Ukiielewa hesabu hii, mengi yaliyobaki yatajieleza yenyewe.

Wazazi huuliza: Je, dadu si kamari? Katika mapambano haya hakuna fedha inayowekwa, wala hakuna anayeliwa. Ama hukumu ya dadu yenyewe, nawaachia masheikh. Lakini mzazi na ajue jambo jingine: mchezo huu una maonyesho ya utupu. Ipo njia ya kuyaficha katika mipangilio yake, hata hivyo ni mchezo wa watu wazima, haukutengenezewa watoto.

Sasa nasaha. Kwanza, chagua kuwa mpiganaji. Fani ziko 12, na mchawi huvutia kuliko wote. Lakini mchawi hana budi kuhesabu uchawi uliomsalia mpaka apumzike, na aina nyingi za uchawi humtaka ashike mmoja tu kwa wakati. Upanga hauishi. Wenzako watatu wa msafara watakufundisha fani nyingine kidogo kidogo. Ukiichoka fani yako, kambini yuko mzee wa mifupa mitupu ambaye kwa vipande 100 vya dhahabu hukubadilishia.

Pili, anza na kiwango kilicho chepesi kabisa. Si aibu. Ugumu waweza kuuongeza safari ikiendelea.

Tatu, hifadhi safari yako kabla ya kila pambano, lakini usirudi nyuma kila dadu inapokukataa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Wapo wanaorudia rusho moja mara 10 ili mlinzi wa lango akubali maneno yao. Mlinzi akikataa, tafuta njia ya nyuma, au pigana naye. Mlango mmoja ukifungwa, hadithi hushika njia nyingine, na aghalabu hiyo ndiyo utakayoikumbuka. Mwenye kurudia kila rusho haisikii hadithi; ajisikia mwenyewe.

Nne, usikimbilie iliyo mizito zaidi. Baldur's Gate ya kwanza, ya mwaka 1998, ilifuata sheria za zamani ambazo kinga ndogo ndiyo bora, jambo la kumchanganya mgeni. Nao Pathfinder: Wrath of the Righteous, wa mwaka 2021, una fani zaidi ya 20. Ziachie baadaye.

Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna niliyemwona akilijua kwa kukaririshwa kanuni. Mtu hukaa barazani, akatazama, akafungwa, akafungwa tena, siku moja akafunga. Ndivyo ilivyo hapa pia. Na pambano katika mchezo huu huenda kwa zamu, halikimbizi mtu. Adhana ikilia, inuka. Ukirudi utamkuta adui amesimama pale pale, akingoja dadu yako.