Fahamu: Ampuli ya kuokoa umeme ikipasuka, ufanye nini?

Zile ampuli nyeupe zilizojipinda zina zebaki ndani, kwa kawaida isiyozidi miligramu 5. Ni kidogo, lakini kioo kikipasuka zebaki hutoka kama mvuke usioonekana wala kunuka.

Toa watoto chumbani kwanza. Fungua milango na madirisha, ngoja dakika 10 hadi 15. Acha ufagio, kwa sababu unatawanya unga wa ampuli. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, tia vyote, pamoja na kitambaa, katika chupa yenye kifuniko. Nawa mikono.

Hapa Kindu ni rahisi kuitupa ampuli iliyopasuka katika mto Lualaba au kuichoma na takataka. Ndugu zangu, tusifanye hivyo. Moto huipeleka zebaki hewani. Mtoni vijidudu huigeuza sumu inayojikusanya katika samaki, sumu ileile iliyoleta ugonjwa wa Minamata, Japani, uliotambuliwa mwaka 1956.

Mwaka 2022, huko Bali, wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki walikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya nje ya nyingi za ampuli hizi ifikapo 2025. Ukinunua mpya, chukua LED: haina zebaki.