Tusiache mbachao kwa rununu zipitazo

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Sidhani kuna bidhaa inayouthibitisha usemi huo siku hizi kuliko simu ya rununu. Kila mwaka makampuni makubwa ya Marekani na Korea Kusini huzindua simu mpya kwa mbwembwe na vigelegele. Kabla ya majuma machache kupita, utawasikia wanafunzi wa vyuo, na hata walimu wenzangu katika afisi za shule, wakizungumza kana kwamba simu walizo nazo zimeozea mikononi mwao.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: je, simu hizi mpya zinastahili bei inayodaiwa? Jibu langu ni kwamba kwa wengi wetu hazistahili. Hata hivyo, jibu la namna hiyo halina uzito pasipo hesabu, kwa hivyo tuanze na hesabu.

Mnamo Januari 2025 kampuni ya Samsung ilizindua Galaxy S25 Ultra kwa bei ya dola 1,299 katika soko la Marekani. Mwaka huo dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 129 za Kenya. Basi simu hiyo moja ilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 167,000, kabla ya kutiwa ushuru na faida ya mwenye duka. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi mwaka 2024 alikuwa akilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ili ainunue simu hiyo, ingembidi afanye kazi miezi minane na zaidi bila kula, bila kulipa kodi ya nyumba na bila kupanda matatu.

Watetezi wa simu hizi hudai kwamba teknolojia haina budi kugharimu. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko zamani. Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alipopiga simu ya kwanza ya mkononi jijini New York tarehe 3 Aprili 1973, alikuwa ameleta jambo ambalo halikuwapo. Apple ilipoleta iPhone mwaka 2007 kwa dola 499, mnunuzi alipata kifaa cha kugusa kwa kidole ambacho kilikuwa simu, kamera na dirisha la intaneti kwa wakati mmoja. Katika miaka iliyofuata, kila toleo lilikuja na uwezo ambao mtu aliuhisi tangu siku ya kwanza: picha zilizo wazi zaidi, mtandao wa kasi, na kufungua simu kwa alama ya kidole.

Leo mambo yamegeuka. Bei imepanda ilhali tofauti baina ya toleo na toleo imepungua. Mwaka 2017 iPhone X iliuzwa kwa dola 999, na tangu hapo bei ya namna hiyo imekuwa jambo la kawaida. Lakini mweke mtu mwenye simu ya mwaka huu kando ya mwenye simu ya miaka mitatu iliyopita, uwaombe wote wawili wapige simu, watume ujumbe, wasome gazeti na walipe karo. Yamkini hutaiona tofauti.

Isitoshe, sisi Wakenya tuna ushahidi wetu wenyewe. Mabadiliko makubwa zaidi yaliyowahi kuletwa na rununu katika maisha yetu ni M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007. Huduma hiyo haikungoja simu ya bei ghali. Ilifanya kazi, na ingali inafanya kazi, katika simu ndogo ya vibonyezo ambayo vijana wetu huiita mulika mwizi. Nyanya aliyeko kijijini hupokea pesa kutoka kwa mwanawe sawasawa na mkurugenzi aliye mjini.

Je, mbona basi simu ya mtu huanza kuonekana kuukuu baada ya miaka miwili tu? Aghalabu mkosaji ni betri. Betri za simu zetu hutumia madini ya lithiamu, na kila zinapotiwa chaji na kutumika, uwezo wake wa kuhifadhi umeme hupungua kidogo. Mnamo Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya simu zake kongwe, ikieleza kuwa nia ilikuwa kuzizuia zisizimike ghafla kwa sababu ya betri zilizochoka. Iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Mwaka 2020 serikali ya Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25 kwa kutowafahamisha wateja.

Funzo la kisa hicho ni kwamba mtu aliyedhani anahitaji simu mpya alihitaji betri mpya tu. Hapa kwetu, fundi mwaminifu katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, au katika mji wowote mkubwa, anaweza kuifanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo sana ya bei ya simu. Muhimu ni kuhakikisha kuwa betri si bandia.

Sitaki nieleweke vibaya. Zipo sababu halali za kubadilisha simu, na iliyo kuu ni usalama. Simu ya kisasa huhitaji kupokea masasisho ya programu kutoka kwa mtengenezaji ili kuziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huitumia. Masasisho hayo yakikoma, mtu anayeweka akaunti ya benki katika simu hiyo anacheza na moto. Hali kadhalika, programu zenyewe huacha kufanya kazi katika simu kongwe mno. Mapema mwaka 2025 WhatsApp iliacha kuhudumia simu zinazotumia Android 4.4, toleo lililotoka mwaka 2013. Tazama lakini urefu wa muda huo: zaidi ya miaka kumi. Hakuna anayeweza kusingizia WhatsApp kwa kubadilisha simu kila mwaka.

Kuhusu masasisho, mambo yamekuwa mema. Google mwaka 2023, kwa simu yake ya Pixel 8, na Samsung mwaka 2024, kwa simu za Galaxy S24, ziliahidi masasisho ya miaka saba. Tangu Juni 2025, sheria za Muungano wa Ulaya zinawataka watengenezaji wanaouza huko watoe masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya simu kuacha kuuzwa, na betri ibakie na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kutiwa chaji mara 800. Kwa hivyo, swali la kumuuliza mwenye duka si kamera ina macho mangapi. Muulize simu hii itapata masasisho hadi mwaka gani.

Hapa huenda msomaji akanishika: ikiwa simu ghali hudumu miaka saba, si ndiyo rahisi hatimaye? Tukokotoe. Shilingi 167,000 kwa miezi 84 ni takriban shilingi 2,000 kila mwezi. Simu ya kadri ya shilingi 24,000 ikitumika miaka minne ni shilingi 500 kila mwezi. Naye anayebadilisha simu ghali kila baada ya miaka miwili hutumia karibu shilingi 7,000 kila mwezi, ukiondoa kile atakachopata akiiuza ile kongwe. Simu ghali inayotunzwa miaka saba yaweza kutetewa, hasa na mpiga picha au mwanahabari ambaye kamera yake ndiyo jembe lake. Ile inayobadilishwa ovyo haina mtetezi.

Wala simwelekezi mtu kwenye simu duni kupindukia. Ile isiyopata masasisho yoyote itamrejesha dukani upesi, na atakuwa amelipa mara mbili.

Ninalowahofia zaidi vijana wa vyuo ni deni. Fedha za HELB ni mkopo, na zitadaiwa pamoja na riba hata kama rununu iliyonunuliwa nazo imekwisha kuibwa. Nazo simu zinazouzwa kwa malipo ya kila siku, aghalabu hufungwa kutoka mbali mteja anapochelewa kulipa. Mwanafunzi ambaye simu yake imefungwa wiki ya mtihani hana simu wala pesa. Kuomba nafasi kupitia tovuti ya KUCCPS, kusoma maandishi ya mhadhara au kumwandikia mhadhiri barua pepe ni kazi ambazo simu ya kadri huzimudu vyema. Kiasi kinachosalia kingenunua kipakatalishi na vitabu, vitu vitakavyomfaa katika tasnifu yake kuliko kamera ya nne.

Kuna pia gharama isiyoandikwa kwenye kibandiko cha bei. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, inayotumika katika betri, hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hususan maeneo ya Kolwezi, ambako watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi huchimba mashimo kwa mikono, wakiwemo watoto. Upande wa pili wa safari hiyo ni jaa la taka. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizokusanywa na kuchakatwa ipasavyo hazikufika robo. Simu inayotumika mwaka mmoja zaidi ni simu moja ambayo bado haijatupwa.

Walimu wenzangu, wanafunzi hujifunza kwa macho kuliko kwa masikio. Mwalimu anayekopa ili aonekane na simu mpya mbele ya darasa amefundisha somo ambalo halimo katika silabasi. Napendekeza tuligeuze jambo hili kuwa zoezi la hisabati: kila mwanafunzi achague simu anayoitamani, agawanye bei yake kwa miezi atakayoitumia, kisha alinganishe na mapato ya mwezi ya nyumbani kwao. Usiache mbachao kwa msala upitao, waliambiwa babu zetu, na akimaliza kugawanya, mwanafunzi atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kuukubali au kuukataa ushauri huo.