Mteremko Hauandaliwi kwa Amri

Ikifika Machi Umatengoni, kwenye milima ya Mbinga, kabla mvua hazijakatika, kazi kubwa shambani huwa ni nyasi. Wanaume wanafyeka shamba lililopumzishwa, wanaziacha nyasi zinyauke, kisha wanazilaza kwa mistari. Mistari mingine inashuka na mteremko, mingine inaukata, mpaka shamba zima linakuwa miraba yenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili hivi. Baada ya hapo wanaingia wanawake na majembe. Mwanamke anachota udongo wa katikati ya mraba, anautupia juu ya nyasi pande zote nne, anapanda maharage, kisha anachimba tena na kuyafunika kwa udongo zaidi. Akimaliza, katikati pamebaki shimo, na nyasi zote zimezikwa ndani ya matuta.

Hiyo ndiyo ngolo, na shamba moja la mlimani lina mamia ya mashimo ya namna hiyo. Mvua ikinyesha, kila shimo linapokea maji ya eneo lake dogo. Maji hayapati nafasi ya kukusanyika na kuteremka kwa nguvu, na tope linatua shimoni badala ya kwenda mtoni. Nyasi zilizofunikwa zinaoza taratibu na kulisha mizizi. Maharage yakishavunwa, mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, mahindi yanapandwa juu ya matuta yale yale bila kulima upya. Shamba likishapumzika na zamu ya kuchimba ikarudi, mistari ya nyasi inahamishwa ili matuta mapya yapite palipokuwa na mashimo, penye udongo uliotulia msimu uliopita.

Yote hayo yanafanyika kwenye milima ambako mgeni hupata shida hata kusimama. Ziwa Nyasa lipo mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbinga inapanda mpaka karibu mita 2,000, kwa umbali ambao si mrefu. Mvua za mwaka zinazidi milimita 1,000 na hunyesha karibu zote katika msimu mmoja. Wamatengo walibanana kwenye milima hiyo, hasa pande za Litembo, katika karne ya 19 wakati wa mashambulizi ya Wangoni. Ardhi ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi, lakini udongo ulibaki mahali pake.

Serikali ya kikoloni ililijua jambo hili. Mwaka 1938 ofisa wa Kiingereza, A. H. Pike, aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu namna Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Maelezo yalikuwepo, yamechapwa, kwa lugha ya watawala wenyewe. Zaidi ya miaka kumi baadaye serikali hiyo hiyo ilipoamua kuokoa udongo wa milima ya Uluguru, ilikuja na mpango uliotokana na vitabu vya kwingine: matuta ya ngazi yaliyochimbwa kwenye ubavu wa mlima, kwa amri, na adhabu kwa asiyechimba.

Ukiutazama mchoro wa matuta ya ngazi huoni kosa. Mteremko unakatwa vipande vya tambarare, maji yanatulia. Lakini katika Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Mkulima akichimba ngazi bila kulitenga tabaka hilo, analifukia na kubaki na udongo wa chini, ambao haumpi kitu. Alitakiwa kufanya kazi nzito ya wiki nyingi, kisha avune kidogo kuliko jirani yake aliyeiacha ardhi ilivyokuwa. Julai 1955 watu wa Matombo, katika milima hiyo hiyo, walisimama kuupinga mpango huo. Polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1940, Murang'a nchini Kenya nayo ilikuwa imegoma kwa sababu za namna hiyo, na wanawake walikuwa mstari wa mbele kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakichimba.

Tofauti ya ngolo na ngazi za Uluguru, kwa maoni yangu, inahusu zaidi malipo kuliko ufundi. Anayechimba ngolo Machi anakula maharage kabla mwaka haujaisha. Hifadhi ya udongo inakuja ndani ya kazi ya chakula, na hakuna anayehitaji kushawishiwa kwa semina. Aliyechimba ngazi aliahidiwa faida ya vizazi vijavyo huku watoto wake wakikosa chakula msimu ule. Ningetamani kila andiko la mradi wa mazingira lijibu swali hili ukurasa wa kwanza: mwenye jembe atapata nini mwaka huu?

Sisemi ngolo haina walakini. Mzigo mkubwa uko mgongoni mwa mwanamke, na kahawa, iliyoingia Mbinga enzi za ukoloni na kuwa zao la fedha, ilizidi kuvuta nguvu na umakini wa wanaume kwenye mibuni. Anayesifia ngolo bila kusema ni mikono ya nani inayochimba anasifia nusu ya jambo. Tena ngolo inataka udongo wenye kina. Familia za Kimatengo zilipoanza kuteremka kutafuta ardhi kwenye miombo ya chini, zilikuta miteremko ya taratibu zaidi na udongo wa namna nyingine, na nyingi hazikuchimba ngolo kama zilivyochimba nyumbani. Teknolojia nzuri nayo ina mahali pake.

Kuna mradi mmoja wa Mbinga ambao naupenda kwa namna ulivyoanza. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) na wenzao wa Japani walifika Umatengoni kujifunza kwanza. Walijifunza ngolo, wakajifunza pia ntambo, yaani ubavu wa mlima ulio kati ya vijito viwili ambao ukoo huushika kuanzia juu mpaka majini. Mwaka 1999 SUA, kwa msaada wa JICA, shirika la Japani, ilianzisha kituo cha maendeleo endelevu ya vijijini, na Kindimba, huko huko Mbinga, ikawa moja ya maeneo ya kazi. Mtaalamu wa ardhi angetegemea mradi uanze na miti au makingamaji. Wanakijiji walitaka mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa maji, na mradi ukakubali.

Walioiona hatua hiyo kama kuacha lengo hawakulielewa lengo. Mashine ya maji inaishi kwa kijito. Kijito kikipungua, mashine inasimama, na kila mama aliyebeba mahindi kichwani anajua siku hiyo hiyo. Kutoka kwenye mashine mazungumzo yakafika kwenye chanzo cha maji, kisha kwenye miti ya kupanda juu ya chanzo. Kamati ya kuisimamia mashine ilipewa jina la Sengu, ule utaratibu wa zamani wa Wamatengo ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na kuzungumza mambo yao. Hakuna mshauri wa kulipwa ambaye angeligundua jina hilo akiwa hotelini Songea.

Nayasema haya nikifikiria miteremko midogo zaidi, ile inayozunguka majengo yetu ya umma kuanzia Mbinga mjini mpaka Liparamba, kule kusini mwa Wilaya ya Nyasa, karibu na mpaka wa Msumbiji na Pori la Akiba lenye jina hilo. Zahanati, shule na ofisi mpya hujengwa mahali palipopatikana, na mara nyingi palipopatikana ni ubavu wenye mawe. Greda linakata kiwanja, linasukuma udongo wa juu bondeni, linaacha changarawe. Bustani ya ukoka ni kipengele cha mwisho cha mkataba, kwa hiyo hufikiwa Mei au Juni, fedha zikiwa ukingoni na mvua zimeshaondoka. Ukoka unapachikwa kwenye changarawe, unamwagiliwa hadi siku ya makabidhiano, kisha unaachwa. Desemba mvua za kwanza zinaukuta umekufa, zinachimba makorongo, na baada ya misimu michache msingi wa jengo unaonekana. Ni kosa la Uluguru, tofauti ikiwa ni kwamba sasa linafanywa kwa mashine.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Kabla greda halijaanza, udongo wa juu ukusanywe pembeni. Mawe yaliyoko kiwanjani yasibebwe kutupwa, maana ndiyo kingo. Miti miwili mirefu ifungwe juu na kutanuliwa chini kama herufi A, ufito upitishwe katikati, kamba yenye jiwe ining'inizwe kutoka juu. Kamba ikigusa alama ya katikati ya ufito, miguu yote miwili iko sawa. Vijana wawili wakiwa na kifaa hicho watapima mistari ya usawa ya kiwanja kizima, na mawe yatapangwa kuifuata, ya chini yakizikwa nusu ili yasibingirike. Nyuma ya kila mstari wa mawe ilazwe nyasi iliyofyekwa, kama afanyavyo Mmatengo, kisha udongo wa juu urudishwe. Ukoka upandwe kwa mistari inayokata mteremko, mvua zikishashika, si kwa mistari inayoshuka kufuata maji. Mbuzi wazuiwe msimu wa kwanza, na mtu wa kuwazuia awe ameshapatikana kabla mche haujashika ardhi.

Bahati nzuri kalenda ya serikali haipingani na kazi hii. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na Julai hadi Oktoba ni kiangazi, wakati mzuri wa kupima, kupanga mawe na kutandaza udongo. Upandaji wa Desemba unaangukia robo ya pili. Kinachotakiwa ni kuitoa bustani mwishoni mwa mkataba na kuiweka mwanzoni, pamoja na msingi, na kutenga ujira wa wanaochimba kwa majina yao. Kamati za ujenzi za kata na vijiji zidai hivyo kabla mkandarasi hajasaini. Diwani wa kata yako anapoleta mchoro wa jengo lijalo, muulize mteremko umepangiwa mwezi gani, na akina mama wa kijiji waitwe kwenye kikao hicho, kwa sababu wao ndio wanaoijua ardhi hiyo kwa jembe.