Tanga Kuu la Yoti: Tuliyojifunza Baina ya Salalah na Maskati

Mwaka juzi, mwezi wa Mei, mtoto wa marehemu kaka yangu alinipigia simu alfajiri, sauti imemkauka. "Ami, tumefika Sur. Alhamdulillah tu wazima, lakini tanga karibu litumalize."

Alikuwa akileta yoti yake ya futi 40 kutoka Salalah kuja Maskati, yeye na mkewe na rafiki yao mmoja, wakitaka kuwahi kabla kusi haijakaza. Walipokaribia Ras al-Hadd upepo ukazidi usiku. Akataka kupunguza tanga kuu, akavuta kamba, likaingia kidogo, kisha likakwama. Haliingii, halitoki. Muda wa saa nne walikimbia upepo ukiwa nyuma, tanga karibu lote liko wazi, mkewe kashika usukani na yeye yuko juu ya sitaha akipigana na kamba. Kulipokucha upepo ukalegea kidogo, wakalitoa lote, wakalirudisha taratibu mpaka likakubali.

Tangu siku hiyo watu wananiuliza: kwa nini hakulishusha tu? Jawabu lake ndilo makala haya.

Sisi tuliokulia Unguja tunajua tanga la jahazi. Linaning'inia kwenye foromali, foromali inapandishwa mlingotini kwa henza, pembe ya mbele inafungwa kwa joshi na ya nyuma inavutwa kwa demani. Ni tanga zuri kwa kukimbia na kaskazi au kusi. Lakini ukitaka kulifanya dogo huna njia ila kushusha foromali nzima na kufunga tanga jengine dogo. Kwa sababu hiyo vyombo vikubwa vilibeba matanga zaidi ya moja, na mabaharia wengi wa kuyahangaikia. Alan Villiers, Muaustralia aliyesafiri na bumu la Kuwait mpaka Zanzibar mwaka 1938 na 1939, aliyaona hayo kwa macho yake: kazi yote ni mikono ya watu na nyimbo zao.

Wengi wetu tunapita kwenye mzunguko wa Al Bustan na kuiona "Sohar" imesimama pale, jahazi lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, likajengwa Sur, likaondoka Maskati Novemba 1980 na kufika Canton, China, Julai 1981. Hata lile, pamoja na umati wa mabaharia wake, lilivunjikiwa na foromali kuu katikati ya bahari. Basi fikiria yoti yenye watu watatu.

Tanga kuu la yoti limetengenezwa kwa ajili ya watu wachache. Ukingo wake wa mbele umeshikwa na mlingoti kutoka juu mpaka chini, na ukingo wa chini umelazwa juu ya mti unaoitwa bumu (usichanganye na chombo cha Wakuweti). Kulipunguza kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya zamani: unalegeza henza, tanga linashuka kiasi, unalifunga upya kwenye tundu zilizoshonwa juu zaidi, na nguo iliyobaki inalala juu ya bumu. Kwa safari za mbali fundi mzuri hutia ngazi tatu za namna hiyo, na ya tatu huacha chini ya nusu ya tanga. Ya pili ni tanga linaloviringishwa ndani ya mlingoti wenyewe, kama pazia la duka. Unavuta kamba umekaa kwenye kiti chako, huna haja ya kwenda mbele gizani.

Yoti ya kijana wetu ina hiyo ya pili. Raha yake naikubali; mtu mzima mwenye magoti kama yangu ataipenda. Lakini likikwama nusu ndani, nusu nje, huwezi kulishusha, kwa sababu nguo iliyokwisha kuviringika imeshikwa ndani ya mlingoti. Hilo ndilo lililomkuta.

Na kwa nini lilikwama? Hapa ndipo penye somo. Tanga si kitambaa bapa. Fundi hulikata vipande na kuvishona kwa mapindo kidogo kidogo ili litoke tumbo, na tumbo hilo ndilo linalouvuta upepo. Kwa tanga kuu, pahala penye kina zaidi panatakiwa pawe karibu na katikati, au mbele yake kidogo. Nguo ikizeeka hunyooka. Tumbo linakuwa kubwa na linarudi nyuma. Chombo kinalala ubavu zaidi, na usukani unakuwa mzito kwa sababu omo inataka kuukabili upepo. Tanga lenye tumbo kubwa, ukiliviringisha, linafanya mikunjo, na mikunjo ikikutana na upenyo mwembamba wa mlingoti inajisokota na kuziba. Lake lilikuwa na umri wa miaka kumi na zaidi, na jua la Maskati halina huruma na kitu chochote.

Kuna gharama nyengine watu hawaambiwi. Tanga la kawaida lina fito nyembamba zilizolazwa ndani ya mifuko, nazo zinauwezesha ukingo wa nyuma kutokeza nje kama upinde, ukapata eneo zaidi. La kuviringisha haliwezi kuwa na fito za kulala, kwa hivyo ukingo wake hukatwa kwa kubonyea ndani. Upepo mdogo, kama ule wa Agosti hapa Ghuba ya Oman, utaliona hilo pengo.

Mimi nilimshauri arudi kwenye mtindo wa kushusha, ngazi tatu, fito ndefu, nguo nzito, mishono mistari mitatu. "Ami, hiyo ni kubadilisha mlingoti mzima," akaniambia. Akanionesha hesabu, nikanyamaza. Mwisho aliagiza tanga jipya la kuviringisha, nguo ngumu isiyonyooka upesi, tumbo dogo. Na amejifunza namna ya kulikunja: kwanza kulegeza demani na kupeleka omo karibu na upepo, ili tanga lisibebe mzigo, kisha kuliacha nyuma na mkazo mdogo wakati linaingia, lisipepee, na kuanza mapema, upepo ungali mwepesi. Usiku ule alianza akiwa amechelewa, na upepo uko nyuma, nguo yote imegandamizwa mlingotini.

Tanga kuukuu nilimuomba mimi. Lipo uani kwangu, limefunika gari. Wageni wakija nawaonesha mshono wa ukingo wa nyuma, upande uliobaki nje kila lilipokunjwa, pasipofunikwa na chochote. Nguo bado inaonekana nzima. Lakini ukiukwaruza uzi kwa kucha, unakatika kama tambi kavu.