Je, Unene ni Ulafi Tu?

Akina mama tunapokutana, hasa katika harusi na vikao vya jumuiya, hakosi mmoja wetu kusemwa kwa unene wake. "Huyu hajui kuacha chakula," tunasema, naye anacheka pamoja nasi, ingawa rohoni ameumia. Hata watoto wetu wanene tunawaita walafi. Tumeona vema tuwaeleze habari za panya fulani, maana hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, walionekana panya waliokula bila kukinai, wakanenepa hata kufikia mara tatu ya uzito wa wenzao. Wazazi wao walikuwa na umbo la kawaida. Kumbe kasoro ilijificha katika jeni, yaani chembe za urithi, na mtoto aliyeipokea kwa baba na kwa mama pia ndiye aliyenenepa. Tena, hata walipopimiwa chakula sawa na wenzao, miili yao bado iliweka mafuta mengi zaidi!

Mtaalamu wa hapo, Douglas Coleman, akaunganisha mwili wa panya mnene na wa panya wa kawaida, ili damu ya mmoja ipite kwa mwenzake. (Ni jaribio la kusikitisha, tunakiri.) Yule mnene akapunguza kula, akapungua. Coleman akatambua kwamba katika damu ya panya wa kawaida mna kitu kinachouambia ubongo, "Sasa inatosha." Wengi hawakumsadiki. Ndipo mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakaipata jeni yenyewe. Kitu kile ni homoni itokayo katika mafuta ya mwili. Ikaitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba.

"Lakini sisi si panya," utasema. Kweli. Ila mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliokosa leptini. Mmoja, msichana wa miaka 8, alikuwa na kilo 86. Hebu jiweke mahali pa mama mwenye mtoto anayelilia chakula punde tu baada ya kula! Msichana huyo alipodungwa sindano za leptini, katika mwaka mmoja alipungua kilo 16, karibu zote zikiwa mafuta.

Usikimbilie kuulizia sindano hiyo. Wanaokosa leptini kabisa ni wachache sana duniani. Wengi wetu tulio wanene tunayo tele, ila ubongo hauisikii sawasawa.

Na chakula je? Wataalamu waliwapa panya wa koo mbili chakula kile kile chenye mafuta na sukari nyingi. Ukoo mmoja wakanenepa sana na sukari ya damu ikapanda. Wale wengine hawakudhurika sana. Kwa hiyo mama anaweza kula chipsi na maandazi sawasawa na jirani yake, akanenepa yeye peke yake, wala hakumzidi ulafi. Lakini panya walionenepa waliporudishiwa chakula chenye mafuta kidogo, uzito ulishuka, na sukari pia, ingawa jeni zao zilikuwa zile zile. Sisi tumeanza kupima mafuta ya kupikia kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye dumu.