Jiwe Lililoachwa Njiani

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo kila aliyepata kusafiri kwa motakaa amelikuta, walakini ni wachache wanaolifikiri: madhara yaletwayo na vitu vilivyoachwa au vilivyoanguka barabarani. Wala mazungumzo haya si ya madereva peke yao. Mchunga ng'ombe, mwanafunzi aendaye shuleni kwa miguu, mama apelekwaye hospitali usiku, hao wote yanawahusu.

Tuseme ni jioni, katika Kata ya Ring'wani, Wilaya ya Serengeti. Lori lililopakia magunia ya mahindi lapanda kilima polepole katika barabara ya changarawe. Katikati ya mwinuko injini yazimika. Utingo aruka chini upesi, atafuta jiwe kubwa na kulitia nyuma ya gurudumu, lori lisije likarudi nyuma. Atia na la pili, na la tatu. Kisha akata matawi mabichi, ayaweka barabarani mbele na nyuma ya lori ili wengine wapate onyo. Mpaka hapa hana kosa. Amefanya vema, maana mawe yale yamezuia msiba. Fundi aja, ahangaika, hatimaye injini yawaka. Dereva aondoka kwa nguvu, kwa kuwa aogopa injini isizimike tena, utingo adandia, wamekwenda zao. Mawe matatu yamebaki njiani, na giza laingia.

Sasa fikirini. Baada ya muda yaja pikipiki, imemchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa, yaelekea Mugumu iliko hospitali. Taa yake ni hafifu, vumbi ni jingi, na jiwe lina rangi ile ile ya barabara. Yatakayofuata kila mmoja wenu aweza kuyamaliza mwenyewe. Jiwe lililookoa lori saa kumi na mbili jioni laweza kuua mtu saa mbili usiku. Jiwe halina nia mbaya wala nzuri. Nia ni ya yule aliyeliweka, naye alipokwisha kufaidi, alisahau.

Vitu vya namna hii ni vya aina nyingi. Yako mawe ya kuzuia magurudumu na matawi ya kuonya, kama tulivyosema. Yako mawe yanayoporomoka kutoka kingo za vilima wakati wa masika, na magogo yaliyoletwa na maji penye makorongo. Viko vilivyoanguka kutoka katika magari yenyewe: kuni, magunia, vipande vya chuma, misumari, na vipande vya mipira ya magurudumu iliyopasuka. Tena iko changarawe ndogo, ambayo haikuachwa na mtu bali ndiyo barabara yenyewe. Gurudumu la gari lililotangulia huirusha nyuma kama risasi.

Watu husema, "Kipande kidogo kama hiki chaweza kufanya nini?" Nitawapa mfano mmoja kutoka mbali. Tarehe 25 Julai mwaka 2000, katika kiwanja cha ndege cha Paris, nchi ya Ufaransa, ndege moja iliporuka iliangusha ukanda mwembamba wa chuma, urefu wake haupati nusu mita. Dakika chache baadaye ikaja ndege ya Concorde, ikikimbia ili iruke. Gurudumu lake likakanyaga ukanda ule, mpira ukapasuka, na kipande cha mpira kikapiga bawa palipokuwa na tangi la mafuta. Mafuta yakamwagika, moto ukawaka, ndege ikaanguka. Watu 113 walikufa, wanne kati yao wakiwa chini ardhini. Tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba kitu kidogo kilichoanguka njiani ni kitu cha kudharau.

Sasa tutazame kwa nini mwendo wa kasi huzidisha madhara. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, kwa nukta moja hupita mita 11 hivi. Likienda kilomita 80, hupita mita 22. Mtu aonapo jiwe hupoteza kama nukta moja kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Kisha gari lenyewe lahitaji nafasi ya kusimama, nayo katika changarawe ni ndefu kuliko katika lami. Hesabu yake ni hii: kwa kilomita 40, jumla ni kama mita 25, kwa kilomita 80, jumla si mita 50, bali ni kama 78. Mwendo ukiwa maradufu, nguvu ya gari huwa mara nne. Na kwa taa za chini, jiwe jeusi huonekana vizuri katika umbali wa mita 40 au 50 hivi, pengine pungufu. Kwa hiyo dereva aendaye kilomita 80 usiku atalifikia jiwe kabla ya kuweza kusimama, hata awe hodari namna gani. Enyi wanafunzi, hesabu hii ifanyeni wenyewe ubaoni, kisha waelezeni wazazi wenu.

Basi dereva afanye nini? Kwanza, aache nafasi kubwa kati yake na gari la mbele. Nafasi hiyo itamsaidia kuona kilichoko njiani, na pia itamwepusha na mawe yanayorushwa. Pili, akiona kitu ghafula, apige breki akiwa ameunyosha usukani. Asiukate usukani kwa nguvu ili kukwepa, maana gari laweza kupinduka kwa kukwepa. Tena huenda upande anaokimbilia pana mtu wa miguu au baiskeli. Tatu, asidhani kwamba kila jiwe laweza kupitishwa katikati ya magurudumu. Chini ya injini kuna chombo cha bati kinachochukua oili, nacho mafundi hukiita sampu. Jiwe lenye urefu wa shibiri moja laweza kukitoboa.

Hapa ndipo penye hasara kubwa inayotokana na ujinga mdogo. Dereva asikia mlio chini ya gari, "ko!", lakini gari laendelea kwenda, naye aona hakuna neno. Kumbe oili yamwagika njiani tone kwa tone. Taa nyekundu yawaka mbele yake, asema, "Nitafika tu, si mbali." Injini isiyo na oili ni chuma kinachosuguana na chuma, kwa dakika chache hupata moto na kukwama kabisa. Kuchomelea sampu iliyotoboka ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja. Kununua injini nyingine ni kuuza ng'ombe wengi. Kwa hiyo shika kanuni hii: ukigonga kitu kwa chini, simama mahali pa salama, zima injini, shuka, tazama chini ya gari. Oili ni nyeusi au ya rangi ya asali, tena yateleza. Petroli utaitambua kwa harufu, na hapo mtu asiwashe kiberiti wala sigara. Maji ya rejeta huonekana kama maji yenye rangi. Usifungue kifuniko cha rejeta wakati wa moto, maana mvuke wake huunguza uso. Likivuja mojawapo ya hayo, gari lisiwashwe tena mpaka fundi alione.

Tangi la petroli likitoboka kidogo, madereva wa zamani hulisugua kwa sabuni ya kipande iliyokandwa mpaka tundu lizibe. Dawa hii ni ya kweli, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni kama maji yafanyavyo. Lakini ni ya kufikia kwa fundi tu, si ya kusafiria siku mbili.

Gurudumu likipasuka katika mwendo, shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, acha gari lipunguze mwendo lenyewe. Ukipiga breki kwa nguvu litakuvuta upande. Ukiona msumari umeingia katika mpira lakini upepo haujatoka, usiung'oe hapo njiani. Mara nyingi wenyewe ndio unaoziba tundu. Nenda nao taratibu kwa fundi. Ukibadili gurudumu, legeza nati kabla ya kuinua gari kwa jeki. Tia ubao chini ya jeki ikiwa ardhi ni laini. Wala usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Utatia mawe kwenye magurudumu mengine, na ndivyo ipasavyo. Lakini nati ya mwisho ikisha kukazwa, kazi haijakwisha: kuyaondoa mawe ni sehemu ya kazi ile ile.

Tuje kwenye kioo cha mbele. Mwaka 1903 mtaalamu Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliona chupa ya kioo imeanguka ikapasuka, lakini vipande vyake havikutawanyika. Alipochunguza aliona kwamba ndani yake ilikuwa na utando wa dawa iliyokauka. Kutokana na ajali hiyo ndogo alipata maarifa ya kutengeneza kioo cha salama. Kioo cha mbele cha motakaa za leo kimefanywa kwa vioo viwili vyembamba vilivyoshikamanishwa na utando katikati. Ndiyo sababu jiwe likikipiga hufanya alama ya nyota au ufa, wala halimwagi vipande machoni mwa dereva. Vioo vya ubavuni kwa kawaida ni vya namna nyingine. Vikivunjika huwa punje punje.

Ufa wa kioo huanza kwa ukubwa wa senti, kisha hutembea. Joto la mchana, mtikisiko wa barabara mbovu, na hata maji baridi yaliyomwagwa juu ya kioo chenye moto wa jua, vyote huurefusha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa msemo huo ni kweli neno kwa neno. Alama ndogo isiyo mbele ya macho ya dereva, fundi aweza kuijaza dawa ikashika. Ikisha kuwa ndefu, hapana budi kununua kioo kizima.

Je, nani atalipa? Sheria ya Tanzania humlazimisha kila mwenye motakaa kuwa na bima ya watu wengine. Bima hiyo humlipa mtu uliyemdhuru. Haikulipi wewe kwa gari lako lililogonga jiwe. Anayetaka gari lake mwenyewe lilipwe apaswa kukata bima kubwa, na aisome vizuri kabla ya kutia sahihi, ajue kama vioo vimo. Madhara yakitokea, piga picha za gari na za kitu kilicholigonga, andika saa na mahali, pata majina ya walioona, kisha peleka habari polisi na kwa wenye bima bila kukawia. Kama kitu kimeanguka kutoka katika lori, namba ya lori ndiyo mali. Andika upesi kabla halijapotea katika vumbi.

Kadhalika yafaa kujua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa zaangaliwa na TANROADS. Barabara za wilaya na vijiji zaangaliwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Jiwe kubwa lililoporomoka, au gogo lisiloweza kuondolewa na watu wawili, mwenyekiti wa kijiji au mtendaji apelekewe habari siku ile ile, naye aifikishe panapohusika.

Lakini wasikilizaji, mawe mengi hayahitaji wakala wala barua. Yahitaji mikono miwili. Mtembea kwa miguu huona jiwe kabla ya dereva, na ana nafasi ya kulisukuma kando. Ila atazame kwanza pande zote mbili, wala mtoto asitumwe kufanya kazi hiyo barabarani. Mwenye gari bovu na atumie pembetatu za kuakisi, ambazo humeta usiku zikimulikwa, badala ya matawi yasiyoonekana gizani. Naye utingo ajifunze desturi hii: kabla ya kudandia, ahesabu mawe aliyoyaweka, naye dereva amwulize, "Umeyatoa yote?" Asipojibu, lori lisiende.

Barabara ya kijiji ni kama kisima: wote wakinyweao hukilinda. Atakayepita usiku wa leo huenda ni mgeni usiyemjua. Huenda pia ni dada yako apelekwaye Mugumu. Liondoe jiwe kabla hujajua ni yupi.

Kwa herini.