Mahindi Yanapopigwa na Jua

Wakulima wengi, wakiona majani ya mahindi yamejikunja wakati wa adhuhuri, husema ya kuwa mmea unakufa. La, haujafa bado, unajitetea. Udongo unapokauka, mmea hutengeneza dawa yake wenyewe, ambayo wataalamu huiita asidi ya abisisiki. Dawa hiyo hufunga vitundu vidogo mno vilivyo katika majani, ili maji yasipotee hewani. Tena huamsha baadhi ya jeni, yaani zile amri za urithi zilizomo ndani ya mmea, ambazo wakati wa mvua zilikuwa zimelala.

Lakini kujitetea huko kuna gharama. Vitundu vikifungwa, hewa ambayo mmea hujitengenezea chakula haiingii. Hasara kubwa zaidi huja wakati wa kuchanua. Vumbi la uzazi hutoka katika ua la juu kwa siku chache tu, na nywele za gunzi hazina budi kuwa tayari kulipokea. Jua likichoma siku hizo, nywele huchelewa. Zikitokea, vumbi limekwisha. Ndiyo sababu shamba huweza kuwa na mabua mazuri na magunzi matupu, hata mwenyewe akaanza kumshuku jirani yake bure.

Basi, si mahindi yote yaliyorithi amri zile zile. Huko Mexico, tangu mwaka 1975, wataalamu waliipanda mbegu makusudi mahali pakavu, wakachagua ile ambayo nywele zake hazichelewi. Hapa Kenya, chotara 611 ya Kitale, iliyotolewa mwaka 1964, hufaa nyanda za juu zenye mvua ndefu. Kuipanda Machakos ni kumngojea mgeni ambaye atafika chakula kimekwisha. Kwa ajili ya Ukambani, kituo cha Katumani kilichagua mahindi ya haraka, na katika miaka ya 1960 kikatoa Katumani Composite B, ambayo huchanua kwa miezi miwili hivi. Haikushindana na kiangazi, ilikitangulia. Mwaka wa mvua nyingi huzaa kidogo kuliko mahindi ya muda mrefu, na mkulima ajue hivyo kabla ya kununua.

Kwa kuwa Katumani si chotara, mkulima aweza kujiwekea mbegu. Achague magunzi ya katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani, maana upepo huleta vumbi la mahindi yachelewayo, na uharaka ule hupotea kidogo kidogo.